Maoni Yanayoishia Nangurukuru

Kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, kina nyundo yake. Ni chuma kizito chenye alama ya kijiji usoni, na kazi yake ni moja tu. Mti wa mpingo ukiangushwa katika msitu wa hifadhi wa kijiji, nyundo hupigwa kwenye kisiki, kisha hupigwa tena kwenye gogo. Gogo hilo likisimamishwa kwenye kizuizi cha maliasili, alama inaeleza limetoka wapi na nani kalitoa. Gogo lisilo na alama ni la wizi, hata kama mwenye lori ana karatasi nzuri namna gani.

Nyundo hiyo haikuletwa na mradi ikakabidhiwa kwa picha na makofi. Ilitanguliwa na mikutano mingi. Kijiji kilikaa kupanga matumizi ya ardhi yake, kipande gani kiwe cha mashamba na kipi cha msitu. Kikakaa na vijiji jirani kukubaliana mipaka, jambo ambalo kwa Kilwa linaweza kuamsha ugomvi wa babu na babu. Kikachagua kamati ya maliasili, kikatunga sheria ndogo, kikazipeleka halmashauri ya wilaya zikapitiwe na madiwani, zikarudi. Kila hatua iliishia mahali pamoja: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na shamba au hana, awe anajua kusoma au hajui.

Pembeni ya shughuli hiyo lilikuwapo shirika lisilo la kiserikali lenye makao Kilwa Masoko, MCDI, ambalo mizizi yake ni utafiti wa mpingo ulioanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Shirika lilileta utaalamu wa kupima miti, kuandika mpango wa uvunaji na kutafuta wanunuzi. Mwaka 2009 likapata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, FSC, kwa niaba ya vijiji, na Kikole na Kisangi vikawa vya kwanza barani Afrika kuvuna msitu wa asili unaomilikiwa na jamii chini ya cheti hicho. Hesabu zilizotangazwa wakati ule zilisema kwamba gogo lililokuwa likimpa mwanakijiji senti nane za dola sasa lingeweza kuipa jamii dola 19. Baadaye kijiji cha Nanjirinji nacho kikaingia, na fedha za magogo zikaanza kuonekana kwenye visima na madarasa.

Naanza na Kikole kwa sababu Tanzania imekuwa ikikusanya maoni juu ya namna serikali inavyopaswa kuyalea mashirika na vikundi vya wananchi. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipokutana na mashirika hayo Dodoma mwishoni mwa Septemba 2021, jukwaa lao la mwaka limekuwa na uzito. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inasikiliza, Baraza la Taifa la mashirika hayo, NaCoNGO, linazungumza, na mikutano ya wadau imeshuka hadi mikoani. Ni hatua njema na naiunga mkono. Ila ukikaa pwani ya Lindi ukaitazama kutoka huku, unaona kitu ambacho ukumbini hakionekani. Maoni yanakusanywa kwa wenye ofisi. Wanaofanya kazi yenyewe, yaani kamati ya maliasili ya Kikole, kikundi cha doria cha Somanga, akina mama wa pweza wa Songosongo, hawaitwi wadau. Wao huitwa wanufaika.

Anayeifahamu barabara ya Kusini anaifahamu Nangurukuru. Ni njia panda: ukitoka Dar es Salaam unaendelea moja kwa moja Lindi, ukikata kushoto unafika Kivinje na Masoko, ukikata kulia unaingia bara, kuelekea Njinjo na Miguruwe. Kwa miaka mingi ya zamani kufika hapa wakati wa masika kulikuwa ni bahati, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko cha Rufiji kikaachwa, na mpaka lami ya Ndundu hadi Somanga ilipokamilika zaidi ya muongo mmoja baadaye. Lami imeleta mengi. Imeleta pia mazoea ya timu za maoni kushuka na lami na kurudi nayo: Lindi mjini siku moja, Masoko siku moja, kisha gari linageuka. Kulia kwa Nangurukuru kuna vijiji vyenye misitu, na kushoto, ng'ambo ya maji, kuna visiwa. Huko ndiko kwenye vikundi.

Mchukue mama wa Songosongo ambaye ni katibu wa kikundi. Kisiwa chake ndicho kinachotoa gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ikisafiri kwa bomba hadi Ubungo. Gesi inafika Dar es Salaam kwa mwendo wake. Yeye, akiitwa kwenye jukwaa Dodoma, lazima asubiri chombo, na chombo kinasubiri upepo na maji. Avuke hadi Kilwa, apande gari hadi Dar es Salaam, alale, kisha aitafute Dodoma. Ni safari ya siku, nauli na malazi ni juu yake, na akirudi atakuta sanduku la akiba la kikundi limefunguliwa bila yeye. Asiyekuwapo na lake halipo. Basi anakwenda mtu wa shirika la mjini kumsemea, tena kwa nia njema, na anachokisema ni kile kinachoandikika kwenye andiko la mradi.

Pwani hii ina historia yake ya kuulizwa, na inafaa kuijua kabla ya kuitisha kikao kingine.

Katika miaka ya 1980 na 1990 bahari ya Kusini ilikuwa inapasuliwa kwa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wa kila umri na kuvunja mwamba uliochukua vizazi kujijenga. Wavuvi wa nyavu na mishipi walikuwa wakiwajua wapigaji kwa majina na wakijua baruti zinatoka wapi, lakini kusema hadharani ilikuwa hatari, na waliosema waliona watuhumiwa wakirudi nyumbani kabla ya wao. Wakati huo mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa na mpango wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland, RIPS, ambao katikati ya miaka ya 1990 ulibadili namna ya kufanya kazi: badala ya wataalamu kuandika mipango na kuiteremsha, wanakijiji wakawa wanachora ramani zao chini, wanapanga shida zao wenyewe, na wanarekodiwa kwa video wakizungumza. Kikundi cha video kilichofanya kazi hiyo kilijiita Maneno Mengi. Mkanda ulirudishwa kijijini, watu wakajiona wakisema, wakasahihishana, wakaongeza. Kisha mkanda huohuo ukapelekwa kuonyeshwa kwa viongozi.

Hapo ndipo vijiji vya pwani vya Mtwara, Lindi na Kilwa vilipounda Shirikisho, umoja wa kulinda mazingira ya bahari. Halikuwa shirika la watu watatu na ofisi. Lilikuwa vijiji vyenyewe, na kila kijiji kilikuwa na sauti yake. Shinikizo hilo lilifika juu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi wakaingia baharini na milipuko ikanyamaza kwa muda. Sijaona mfano mwingine katika mikoa yetu ambapo maoni ya watu wa pwani yalipanda hadi juu na kurudi na jibu kiasi kile.

Kilichofuata nacho kinafaa kusemwa kwa uzito uleule. Mpango wa Finland uliisha. Doria inahitaji boti, petroli na mtu wa kumfuatilia mtuhumiwa hadi mahakamani, na vitu hivyo havilipwi kwa moyo wa kujitolea. Baruti zikarudi katika miaka ya 2000, na ni hadi kilipoundwa kikosi kazi cha taasisi mbalimbali za serikali, mwaka 2015, ndipo zilipoanza tena kupungua sana. Kati ya hapo vijiji viliendelea kujua kila kitu na kutokuwa na la kufanya. Leo kazi ya ulinzi huo ipo mikononi mwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyotambuliwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Kuanzia Somanga hadi kusini mwa Lindi vipo, vina katiba, vina viongozi waliochaguliwa. Muulize kiongozi yeyote wa BMU shida yake na hatakutajia semina. Atakutajia mafuta ya boti. Katika baadhi ya halmashauri BMU hupewa kazi ya kukusanya ushuru wa samaki na kubaki na sehemu, na panapofanyika hivyo kikundi kinasimama. Pasipofanyika hivyo, doria hufanyika mfadhili anapokuwapo.

Mkakati wowote wa kuvisaidia vikundi vya kujitolea ungepaswa kuanza na swali hilo la mafuta. Mtu anaweza kujitolea usiku wake, macho yake na ujuzi wake wa mikondo. Hawezi kujitolea petroli asiyokuwa nayo.

Sera tuliyonayo, Sera ya Taifa ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ilitolewa mwaka 2001 na Ofisi ya Makamu wa Rais. Haikuandikwa gizani. Maandalizi yalianza mwaka 1996, rasimu zilizunguka, kamati iliwakalisha maofisa wa serikali na watu wa mashirika meza moja, na mabishano yalichukua miaka mitano. Ulikuwa wakati mgumu. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilikuwa limesimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka uliofuata, na Mahakama Kuu haikulipa haki yake hadi mwaka 2009. Bado, katika hali hiyo, sera ilitoka ikiwa na lugha ya ushirikiano. Sheria iliyofuata, Namba 24 ya mwaka 2002, ndiyo iliyowafanya wengi walioshiriki kuandika sera waseme kwamba hawaitambui.

Miaka 17 baadaye mwendo ulikuwa mwingine kabisa. Juni 2019 muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali uliingia bungeni kwa hati ya dharura ukigusa sheria nane kwa mpigo, zikiwamo za mashirika, jumuiya, kampuni na takwimu. Wadau walipewa siku chache kuusoma, kuuelewa, kufika Dodoma na kusema. Kabla ya mwezi kwisha ulikuwa umepita. Mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa kama kampuni au wadhamini yakatakiwa kuhamia kwa msajili wa mashirika ndani ya muda mfupi. Mwaka mmoja kabla yake kanuni zilikuwa tayari zimetaka kila mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe serikalini ndani ya siku 10. Kwa shirika lenye mwanasheria Masaki hayo ni makaratasi. Kwa shirika la watu wanne lililopanga chumba Kilwa Masoko, lenye mhasibu anayekuja Ijumaa tu, ni suala la kuwapo au kutokuwapo.

Uingereza, mwaka 1998, serikali na mashirika ya kujitolea zilitiliana saini makubaliano ambayo, pamoja na mengine, baadaye yaliweka kipindi cha wiki 12 kwa wananchi kutoa maoni. Hayakuwa na nguvu ya sheria na yamevunjwa mara kadhaa, lakini yaliweka kipimo ambacho mtu anaweza kukitaja anapodhulumiwa muda. Jirani zetu Kenya walitunga sheria nzuri ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, kisha wakaisubiri miaka 11, mpaka Mei 2024, ianze kutumika. Muda mfupi mno unanyima watu nafasi ya kusema, na muda mrefu mno unawafanya wasahau walisema nini. Wiki 12 zingetosha Kilwa, kwa sababu mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukitoa rasimu leo, ndani ya wiki hizo karibu kila kijiji cha mkoa huu wa watu takriban milioni 1.2 kitakuwa kimekaa angalau mara moja bila kuitishwa kwa ajili yako.

Lakini rasimu iwe kwa lugha gani? Sheria ya mashirika ya 2002 iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa karibu miaka 20 katibu wa kikundi cha Kivinje aliyetaka kujua sheria inamtaka nini ilibidi amuulize mtu. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko watu walivyouchukulia wakati ule. Hata hivyo, kwenye ulimwengu wa mashirika Kiingereza kimebaki na kiti chake: fomu za wafadhili, ripoti, mikakati yenye michoro ya mishale. Nimeona rasimu za mikakati zinazosambazwa kwa barua pepe siku mbili kabla ya kikao, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, huku mwaliko ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili safi. Mtu anayesoma kwa shida hawezi kuchangia jambo ambalo amelisikia kwa mara ya kwanza likisomwa haraka kabla ya chai.

Na kuna suala la vikundi ambavyo havimo kabisa katika hesabu. Tafsiri ya shirika lisilo la kiserikali katika sheria yetu inaviweka kando vikundi vya kijamii. Vyenyewe vinasajiliwa halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, na vile vya kuweka na kukopa vimepangiwa utaratibu wake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwa hiyo jukwaa la mashirika linapokutana, kikundi cha kuweka na kukopa cha Kilwa Kivinje hakimo kwenye orodha ya mwaliko, si kwa ubaya wa mtu, bali kwa sababu daftari lake liko kwenye kabati nyingine.

Kitazame kikundi hicho kinapokaa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu ambao hawalali nyumba moja. Hesabu ya kikao kilichopita hutajwa kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa, na kila mtu anatakiwa awe ameikariri. Ikitajwa vibaya kuna faini. Hisa zinanunuliwa, muhuri unagongwa kwenye kijitabu, fedha za mfuko wa jamii zinawekwa peke yake kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Aliyechelewa analipa, hata akiwa mwenyekiti. Hapa uwazi wa fedha hauhitaji kanuni ya siku 10. Kama serikali inatafuta mahali pa kujifunzia uwajibikaji wa taasisi za hiari, iende pale na kiti chake.

Vikundi vya aina hii ndivyo vilivyolengwa na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa Kilwa, ambako ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songosongo ni sehemu ya mapato ya halmashauri, hiyo si fedha ndogo. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya kugundulika vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikaruhusiwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kusimamisha kulikuwa na sababu. Ninachokiuliza ni kama kikundi kilicholipa deni lake lote kwa wakati kiliulizwa chochote katika miezi ile yote. Kina mama waliokuwa wamelipa na kujiandaa kwa awamu ya pili walikuwa na la kusema kuhusu vikundi hewa. Wanavijua. Kijijini hakuna kikundi hewa kisichojulikana.

Songosongo ni miongoni mwa vijiji vya pwani yetu vilivyojaribu kufunga miamba ya pweza. Wazo hilo lilipata umaarufu Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, likasambaa visiwani na pwani ya Bahari ya Hindi. Pweza hukua haraka mno. Mwamba ukipumzishwa miezi mitatu, siku ya kufungua wanatoka wakubwa. Kwa hesabu za kibaiolojia ni jambo jepesi. Kwa watu si jepesi hata kidogo. Wanaume huzamia, wana mashua, mwamba huu ukifungwa wanakwenda mwingine. Wanawake hushuka kwa miguu maji yanapokupwa wakati wa bamvua, na kijiti mkononi, na mwamba wa karibu ndio wao. Ukifunga mwamba wa karibu umefunga jiko la nyumba fulani, na nyumba hiyo inajulikana. Kwa hiyo kuuliza maoni kwa kuhesabu mikono mkutanoni hakutoshi. Lazima ujue mikono ya nani imenyooshwa na nani kakaa nyuma kabisa akinyamaza, kwa kuwa mumewe au shemeji yake yuko mbele. Kufunga kunafaulu pale wanawake wanapokaa kwanza peke yao, wakachagua wao mwamba upi na miezi ipi, kisha wakauleta uamuzi wao mkutanoni.

Ufundi huo wa kuuliza upo. Wanao mabwana samaki wa zamani, wanao maafisa maendeleo ya kata waliokaa muda mrefu, wanao wenyeviti wa vitongoji wanaojua nani hasemi mbele ya nani. Nafikiri ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika jambo hili zima, na hakuna mkakati niliousoma unaokitaja.

Mwaka 2025 ulilifanya suala hili kuwa la haraka. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mashirika mengi nchini yalipoteza bajeti kwa barua moja, na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Hata mashirika ya mkoa ambayo hayakuwa yakipokea fedha hizo moja kwa moja yaliguswa, kwa kuwa yalikuwa chini ya mashirika makubwa ya Dar es Salaam yaliyokuwa yakizipokea. Tangu hapo mazungumzo yote ni ya uendelevu: mashirika yajitegemee, yatafute vyanzo vya ndani, yafanye biashara. Nakubali. Lakini vikundi vya Kilwa vilivyokwisha kujitegemea vilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na sheria iliyovipa kitu chao. Kikole ilijitegemea kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2002 ilikiruhusu kijiji kubaki na mapato ya msitu wake. Kanuni za uvunaji zikiguswa kutoka juu bila kijiji kuulizwa, mnunuzi anasita, gogo linabaki msituni, na doria ya msitu inakosa posho mwezi unaofuata. Huwezi kuliambia shirika lijitegemee kwa mkono mmoja na kwa mwingine ukachukua kile linachokitegemea.

Kuhusu posho, kwa sababu nimeitaja. Watu wa mjini hulalamika kwamba wanakijiji hawaji kikaoni bila bahasha. Mtu aliyeacha shamba lake la ufuta mwezi wa Juni, wakati mazao yanaelekea ghalani na mnada wa chama kikuu unakaribia, amelipa tayari kwa kuja. Tatizo lililokula imani ya watu ni lingine. Wameulizwa kuhusu bandari, kuhusu gesi, kuhusu msitu, kuhusu katiba, kuhusu Dira ya 2050. Wamesaini karatasi ya mahudhurio, wamepigwa picha, wameshukuriwa. Wachache mno wamewahi kuona gari lilelile likirudi kuwaambia: mlisema haya matano, mawili tumeyachukua, haya matatu yameshindikana kwa sababu hizi. Mkanda wa Maneno Mengi ulirudi kijijini. Ndiyo maana wazee wa pwani wanaukumbuka.

Gharama ya kurudi si kubwa. Kila kijiji kina ubao wa matangazo ambapo kwa utaratibu mapato na matumizi hubandikwa. Kina mtendaji anayelipwa na serikali, na ajenda ya mkutano mkuu ina nafasi ya taarifa kutoka wilayani. Wizara ikitaka maoni ya kweli juu ya namna ya kuvisaidia vikundi na mashirika, itume rasimu ya Kiswahili yenye kurasa zisizozidi nne kwa watendaji wa vijiji vyote, isomwe kwenye mkutano mkuu wa robo mwaka baada ya mavuno, si katikati ya masika wala siku ya mnada. Muhtasari wenye majibu, pamoja na yale waliyoyakataa, uende kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, na vikundi vya kuweka na kukopa, BMU na kamati za maliasili viitwe pamoja na mashirika yaliyosajiliwa, kikao kikae Njinjo au Songosongo na nauli ilipwe kwa wanaotoka mjini. Na robo inayofuata, kwenye ubao uleule, ibandikwe karatasi inayoeleza lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa na aliyelikataa ni nani.